Mgonjwa wa Jumapili

Watu walimwita Fundi, na wengi hawakuwa na habari kwamba ana jina lingine. Alikuwa fundi bomba. Sinki likiziba, yeye. Tangi likivuja, yeye. Choo cha kanisa kikigoma katikati ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alikuja kwa kunyata kati ya viti, akamwinamia sikioni, na Fundi akainuka na suti yake kwenda kukunja mikono ya shati huko nyuma, kwaya ikiendelea kuimba kana kwamba hakuna lililotokea. Kusema hapana hakukujua. Simu yake ililia mezani, ililia kitandani, na siku moja ililia makaburini jeneza likishushwa, akaipokea kwa kunong'ona: "Nakuja, nivumilieni kidogo."

Kilichomzindua ni usingizi. Alilala chini ya sinki la mteja, amepiga magoti, kichwa kimeingia kabatini, spana mkononi. Mwenye nyumba alipoona fundi hatikisiki alipiga kelele ambazo majirani walizizungumzia mwezi mzima. Mke wake aliposikia hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, na mchungaji akamwita Fundi pembeni baada ya ibada.

"Fundi, Mungu mwenyewe alifanya kazi siku sita, ya saba akapumzika. Wewe mwenzetu una nguvu kumshinda?"

Basi akaamua. Jumapili wakitoka kanisani alizima simu na kuichimbia kabatini chini ya mablanketi. Sanduku la spana alilisukuma uvunguni. Jumapili ya kwanza alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alizunguka nyumba, akafungua bomba la jikoni na kulifunga, akalifungua tena kusikiliza kama lina sauti mbaya. Jumapili zilizofuata akaanza kuuonja utamu wake. Alilala mchana mpaka mate yakamtoka. Alimsikiliza binti yake akisimulia mambo ya shuleni, na huyo binti alikuwa na maneno mengi hata wakamwita Kasuku. Alikula bila kuangalia mlango.

Lakini kitu kizuri nacho kinaweza kumharibu mtu. Fundi alisimama kanisani akatoa ushuhuda wa pumziko lake, watu wakapiga makofi, na tangu hapo akawa na majivuno kidogo, kama mtu mwenye viatu vipya. Aliwauliza wenzake, "Na wewe bado hujaanza kupumzika?" kwa sauti ya kuwahurumia. Aliyegonga geti Jumapili alimwona kama mwizi. Mke wake alimwangalia tu.

Jumapili ya mkasa wenyewe mkewe alikuwa amebaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Fundi alikuwa chumbani, amevaa bukta na fulana iliyochoka, dirisha la upande wa baraza wazi kwa ajili ya joto, pazia limeshushwa. Kasuku alikuwa barazani akimsuka mwanasesere wake. Geti likalia.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ile sauti aliijua tangu utotoni. Ilikuwa ya kaka yake mkubwa.

Moyo ukamshuka. Si kwamba hakumpenda. Kaka Mkubwa ndiye aliyempeleka kwa fundi wa kwanza kujifunza kazi, akamsimamia kama baba. Lakini miaka yote hiyo, akiwa dereva wa lori, Kaka Mkubwa alikuwa mtu wa kupita tu, na kila alipopita aliacha kazi nyuma yake. Tangi la shemeji. Bafu la rafiki. Bomba la jirani wa rafiki. "Usijali," alikuwa akiwaambia watu, "mdogo wangu atakuja kuliangalia." Na mdogo wake alikwenda, bure, mara nyingi akirudi ameloa.

Fundi akanyata hadi mlango wa chumba, akamwashiria Kasuku kwa kidole. Mtoto akaja mbio.

"Mwambie sipo," alinong'ona.

Kasuku akamtazama, macho yamemtoka. "Niseme umekwenda wapi?"

"Popote. Sema nimetoka. Haya, nenda."

Akarudi kitandani, akakaa ukingoni, akashika godoro kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, Kasuku wangu. Mbona umekua hivi, wanakumwagilia maji? Baba yupo?"

"Hayupo."

"Ah! Nami nilisikia siku hizi Jumapili hatoki."

Kidole cha mguu kikakwaruza sakafu. Fundi akajua kwamba mtoto anafikiri, na kufikiri kwa Kasuku kulikuwa jambo la hatari.

"Ameenda kumwona mgonjwa," akasema Kasuku.

"Mgonjwa? Nani tena?"

"Mama mmoja wa kwaya. Amelazwa. Wamempasua tumbo."

"Masikini! Lini?"

"Juzi. Na ana mtoto mchanga, bado ananyonya. Sasa mtoto analia usiku kucha, na hawana mtu wa kumshika. Baba aliposikia akaamka hapohapo. Hata chakula hakumaliza."

Kule chumbani Fundi alifumba macho. Alitaka kukohoa, alitaka kuita, alitaka kufanya lolote la kuukatisha ule mto wa maneno. Lakini kila neno lililotoka kwa mtoto lilizidi kumfungia mlango. Angetokea vipi sasa, na bukta yake?

Alisikia kiti cha plastiki kikiburutwa. Kaka Mkubwa alikuwa anakaa.

"Ngoja nipumue kidogo. Nimekuja kwa miguu," akasema. "Macho yangu haya, binti, yamekataa barabara. Lori nimelikabidhi. Sasa nashinda nyumbani, namwangalia mama yenu mkubwa, naye ananiangalia mimi. Juzi akaniambia, 'Si uende kwa mdogo wako? Naye siku hizi anapumzika.' Nikaona amenena. Nikachukua drafti langu hili. Sisi tulipokuwa wadogo tulicheza kwa vizibo vya soda, unajua? Baba yako alikuwa anaiba vizibo vyangu nikigeuka."

Kasuku akacheka.

"Sina shida yoyote leo," akasema Kaka Mkubwa. "Nilikuja tukae tu."

Fundi aliinama mpaka kipaji cha uso kikagusa magoti. Kwenye upenyo wa pazia aliona bega la kaka yake, shati lililolowa jasho mgongoni, na ukingo wa ubao uliofungwa kwa gazeti. Nywele za kisogoni zilikuwa zimekuwa nyeupe. Tangu lini?

Angesimama wakati huo, angetoka akaangukia miguuni pake, pengine mambo yangeishia kwenye kicheko. Miaka mingi baadaye bado alijiuliza kwa nini hakusimama. Jibu lilikuwa dogo na la kutia aibu: aliona haya kuonekana na ile bukta, na mtoto akiwa anatazama.

"Basi," akasema Kaka Mkubwa, "kabla sijaondoka tumwombee huyo mama. Fumba macho, binti."

Akaomba. Hakuwa mtu wa maombi marefu, lakini siku hiyo aliomba kama mtu anayeongea na mwenye duka anayemjua kwa jina. Alimwombea mama wa kwaya mshono wake ukauke. Alimwombea mtoto mchanga apate wa kumbembeleza. Kisha sauti ikashuka.

"Na mdogo wangu, Bwana. Ana siku moja tu ya kupumzika, na hiyo nayo ameitoa. Mimi nilikuja hapa kwa ajili ya nafsi yangu, kwa sababu ya upweke wangu, na kumbe mwenzangu yuko kwa wenye shida. Nisamehe. Mpe nguvu. Amina."

"Amina," akasema Kasuku.

Geti likafungwa. Fundi alikaa palepale. Masikio yalikuwa yakimwaka moto kama ya mtu aliyezabwa kofi mbele za watu, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Pazia la mlango likasogea. Kasuku aliingiza kichwa, anang'aa uso.

"Ameondoka, Baba. Nimesema vizuri?"

Fundi aliinuka. Aligeuka ukutani akajifanya anatafuta shati.

Mke wake alirudi jua likiwa linaelekea kuzama, akaweka kitabu cha nyimbo mezani, akabaki amesimama.

"Nimekutana na shemeji njiani. Amenishika mkono kwa mikono miwili, ananiambia, 'Poleni sana na mgonjwa.' Nami nikajibu, 'Tumeshapoa,' maana nitasemaje? Sasa naomba nielezwe, ni nani katika kwaya yangu aliyepasuliwa tumbo nami niliimba nao wote leo?"

Kasuku akatazama chini. Fundi akaeleza. Alieleza kwa kifupi, kisha mkewe akauliza maswali mpaka kifupi kikawa kirefu.

"Mume wangu," akasema mkewe mwishowe, "mimi ndiye niliyekwenda kwa mchungaji. Ningejua pumziko lenyewe ni la kumfungia ndugu yako mlango, ningekuacha ulale kwenye masinki ya watu."

"Nitakwenda kwake kesho."

"Kesho ni kesho. Na huyu?" Alimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Huyu utamwendea lini?"

Fundi alimwita Kasuku barazani. Alikalia kiti kilekile cha plastiki, na mara akainuka, akaketi sakafuni.

"Ulichosema kwa Baba Mkubwa si kweli," akaanza.

"Ndiyo. Ulisema niseme popote."

"Nilisema. Nilikosea."

Kasuku akafikiri. "Kwa hiyo dhambi ni yangu au ni yako?"

"Yangu."

"Yote? Hata ya mtoto mchanga? Mtoto mchanga sikuambiwa na mtu. Nilimtunga mwenyewe."

"Yote," akasema Fundi, akainamisha kichwa. Mtoto akampapasa bega, kama yeye ndiye mkubwa. Hilo lilimuumiza kuliko kama angelia.

Kesho yake bomba la shule lilipasuka, na Fundi akashukuru moyoni, akajiona mwovu kwa kushukuru. Keshokutwa yake akasema amechoka. Siku iliyofuata alipochukua simu alikuta ujumbe wa kaka yake: "Vipi mgonjwa? Wenzangu wa jumuiya nao wanaomba." Akaweka simu kifudifudi. Watu wazima, katika sebule fulani, walikuwa wamefumba macho kumwombea mtu ambaye Kasuku alimtunga huku akisuka mwanasesere. Siku ile hakuweza kula. Jioni yake akachukua sanduku la spana akaenda.

Kaka Mkubwa alimkuta mlangoni, akalitazama lile sanduku.

"Mbona na vyombo? Sijakuita kazini. Ingia. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hakuna mgonjwa, kaka."

Kaka Mkubwa akashika kiti. "Amefariki?"

"Hapana! Hakuwahi kuwepo. Mimi nilikuwa ndani. Jumapili ile ulipokuja, nilikuwa chumbani. Nilimtuma mtoto aseme sipo."

Ilichukua muda. Fundi aliyaona maneno yakiingia usoni mwa kaka yake moja moja.

"Chumba kile chenye dirisha la barazani?"

"Ndiyo."

"Ukanisikia naongea."

"Nilikusikia."

"Na nilipoomba?"

Fundi alitazama vidole vyake vya miguu. "Nilisikia yote."

Kaka Mkubwa alikwenda kuzima redio ambayo ilikuwa imezimwa tayari. Akabaki amekipa chumba mgongo.

"Mimi nina nini," akasema, "mpaka mtu ajifiche?"

"Kaka, nilidhani umeniletea kazi. Kila ukija kuna tangi la mtu. Nilikuwa nimechoka, nikaogopa kukukatalia. Si kisingizio. Nakueleza tu ilivyokuwa."

Jikoni shemeji alikuwa ameacha kuosha vyombo, anasikiliza.

"Ni kweli," akasema Kaka Mkubwa polepole. "Sikumbuki lini nilikuja kwako mikono mitupu. Hilo ni langu. Nalibeba." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na Fundi hakujua kama ni ule ugonjwa au ni yeye. "Lakini wale watu wameomba. Mimi siwezi kusimama kuwaambia kwamba nimewadanganya, maana sikuwadanganya. Kesho tunakutana. Utakuja mwenyewe."

"Nitakuja."

"Na hayo maspana yaache kwako."

Jumuiya ilikutana katika sebule ya mama mmoja mshonaji. Walikuwa watu kama kumi, wamebanana kwenye makochi na viti vya kuazima. Mlezi wa jumuiya, mwalimu mstaafu mwenye sauti nyembamba, alimkaribisha Fundi kwa furaha. "Huyu ndiye ndugu yetu aliyeacha pumziko lake akaenda hospitali," aliwaambia wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa kumkubali. Fundi akatamani ardhi ipasuke.

Kabla hajafungua mdomo, mama mshonaji aliinuka akaleta furushi kutoka chumbani. Lilikuwa limefungwa kwa kitambaa safi.

"Tumechangachanga vitu vidogo," alisema. "Nepi, sabuni, na vigauni viwili nilivyoshona mwenyewe, sikujua kama ni wa kike au wa kiume nikachagua rangi ya njano. Tulitaka utufikishie kwa yule mama."

Akamwekea Fundi furushi mapajani. Lilikuwa jepesi, na lilinukia sabuni.

Fundi akasimama nalo mkononi. Alikuwa amepanga maneno njiani. Hakubaki hata moja. Alisema kwamba hapakuwa na mama wala mtoto. Alisema alikuwa nyumbani, amelala, na kwamba aliposikia sauti ya kaka yake alijificha na kumfundisha binti yake uongo, tena siku ya Bwana, siku ambayo yeye Fundi alikuwa akijigamba nayo kanisani. Alisema, "Naomba mnisamehe," akabaki amesimama kwa sababu hakujua akae au atoke.

Mzee mmoja alikohoa. Mwalimu mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kijana mmoja pembeni alitabasamu kwa bahati mbaya, akainamisha kichwa haraka.

"Kwa hiyo yule mtoto mchanga," mama mshonaji akauliza, kama mtu anayeamshwa, "hayupo kabisa?"

"Hayupo, mama."

"Nilikuwa nikimwaza usiku." Akanyoosha mikono, akachukua furushi lake. Hakulichukua kwa hasira. Alilichukua kwa uangalifu, akalilaza mapajani, akanyoosha mikunjo ya kitambaa. "Haya. Watoto hawaishi duniani. Nitampata mwingine."

"Tumekusikia, ndugu," akasema mwalimu mstaafu. "Tumekusamehe. Tuendelee na matangazo."

Wakaendelea na matangazo. Fundi alikaa mpaka mwisho, magoti pamoja, kama mtoto aliyerudishwa darasani.

Kaka yake alimsindikiza hadi njiani. Taa za maduka zilikuwa zimewashwa.

"Nilifikiri ukishasema nitajisikia vizuri," akasema Kaka Mkubwa. "Bado sijajisikia vizuri."

"Hata mimi."

"Basi nenda salama."

Jumapili iliyofuata Fundi alizima simu kama kawaida, lakini hakuingia chumbani. Alikaa barazani na shati lake la ibadani, geti wazi. Kaka Mkubwa hakuja. Jumapili nyingine hakuja. Mkewe alimwona akigeuka kila viatu vikipita nje, akamletea chai bila neno. Pumziko lilikuwa chungu siku zile. Kanisani walipomtaka arudie ushuhuda wake kwa ajili ya vijana, alimwambia mchungaji sababu ya kukataa, yote, wamesimama kando ya gari, mchungaji akamsikiliza, akasema tu, "Basi endelea kupumzika, Fundi. Na hayo nayo yapumzike taratibu."

Ilipita muda. Jumapili moja mvua ilipokatika, Kaka Mkubwa alisukuma geti bila kupiga hodi, akapangusa viatu, akakaa. Walisalimiana. Waliulizana habari za macho, za shemeji, za shule. Kisha mazungumzo yakaisha, na hakuna aliyeyatafuta. Haukupita muda Kaka Mkubwa akawa amelala kitini, mdomo wazi, mkono umening'inia. Fundi alimtazama. Aibu ilikuwa ingalipo, imekaa kifuani mahali pake; hakujaribu kuisukuma.

Akaja jirani, anahema, suruali imelowa mpaka magotini.

"Fundi! Afadhali nimekukuta. Bomba la bafuni limeachia!"

Zamani angekuwa ameshainuka. Hivi karibuni angekuwa chini ya kitanda. Fundi alikwenda mpaka getini, akaongea kwa sauti ya chini asimwamshe mgeni.

"Nipo, jirani, ila leo sifanyi kazi. Funga ile koki ya kando ya mita, maji yatakatika nyumba nzima. Kesho alfajiri niko kwako."

"Hata kuangalia tu?"

"Hata kuangalia. Ndugu yangu amekuja. Kama maji ya kupikia hamna, tumeni ndoo, chukueni hapa kwetu."

Jirani alimwangalia kwa hasira, akaondoka akinung'unika kwamba watu wakishaokoka sana huwa wagumu. Fundi alisimama hapo uso ukimwaka, akiwa na hamu kubwa ya kumwita arudi. Alipogeuka alimwona Kasuku mlangoni, amesikia kila kitu. Baba na binti wakatazamana. Fundi ndiye aliyeangalia chini kwanza.

Kasuku akapita kando yake, akaenda kutafuta ndoo ya kumjazia jirani maji.